Kwa nini kitambaa cha pamba hupungua kinapofuliwa mara ya kwanza

Mteja wetu mmoja alirudi kiwandani na kitambaa cha meza alichokuwa amekinunua kwetu, akakitandaza juu ya meza ya kukatia na kutuonyesha jinsi pindo lilivyopanda, ilhali siku alipokichukua lilikuwa likining'inia shubiri nzima. Hakufoka, lakini swali lake lilikuwa zito: je, alipunjwa kipimo? Hakupunjwa; kosa letu ni kwamba hatukumweleza mapema.

Nyuzi za mtande, yaani zile zinazotandwa kwa urefu katika kitanda cha mfumi, hukazwa muda wote wa kazi, kwa sababu zikilegea kitambaa hutoka na mawimbi. Kitambaa kikishakatwa na kutolewa kitandani huwa bado kimebeba mkazo ule, na maji ndiyo huufungua. Pamba ikilowa, kila uzi huvimba. Na kwa kuwa uzi wa mtande hupita juu na chini ya kila uzi wa mshindio, yaani ule unaopitishwa kwa upana, sasa unalazimika kuzunguka nyuzi zilizonenepa, na urefu wake huishia katika mizunguko hiyo. Ndiyo maana kwa kawaida kitambaa hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Upungufu wa asilimia 3 hadi 5 si wa ajabu: shuka la sentimita 250 likipungua kwa asilimia 5 hubaki na sentimita 237 na nusu, na hapo kulichomeka chini ya godoro huwa ni kuvutana nalo.

Viwanda vikubwa hukibana kitambaa kwa mashine kabla ya kukiuza, kwa mbinu ambayo Sanford Cluett wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1930. Sisi mashine hiyo hatuna, na hata tungekuwa nayo isingelingana na mafungu madogo tunayofuma. Kwa hiyo sasa tunafuma kwa kipimo kilichozidi, tunakifua kitambaa kwa maji ya vuguvugu, tunakianika, kisha ndipo tunakata na kushona pindo. Bei imepanda kidogo kwa sababu ya maji na siku hiyo ya ziada, nasi tunaona ni heri bei hiyo kuliko malalamiko.

Kufua huko kunaondoa pia uji wa wanga tunaoupaka mtande ili nyuzi zisichanike zinaposuguana na chanuo la kitanda. Taulo lenye wanga huwa gumu na hukataa kunywa maji, jambo ambalo wengi hudhani ni dalili ya pamba hafifu.

Nyumbani, epuka maji yanayochemka, na kabla kitambaa hakijakauka kabisa, kivute taratibu kwa urefu ukiwa umeshika ncha zote mbili. Kukifua mara kwa mara kusikutie hofu, kwani uzi wa pamba ukilowa huwa na nguvu zaidi kuliko ukiwa mkavu. Dawa za kulainisha nguo usizitie kwenye taulo. Huacha utando unaozuia maji kupenya.

Aliyenunua kwetu kitambaa ambacho hakikufuliwa, na kimempungukia, akilete. Kile cha mteja wetu tulikifumia vipande viwili vya rangi ya nili tukaviunga kwenye ncha zake. Alisema kimependeza kuliko mwanzo, ingawa huenda alisema hivyo kwa adabu tu.