Majaji wa piano watoe sababu, si alama tu

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu Mashindano ya piano ya Warsaw, yenye jina la mtunzi Chopin, ilitaja mshindi na zawadi, bila neno juu ya upigaji wake. Kwetu tunaoyafuatilia, utamu uko hapo: mpiga piano mmoja huvuta mwendo wa mazurka (muziki wa densi ya Kipolandi) hadi kimya kisikike, mwingine huikimbiza ichezeke, na noti ni zilezile.

Mwaka 1980 mpiga piano Ivo Pogorelich alipoenguliwa kabla ya fainali, Martha Argerich, mshindi wa 1965, alijitoa kwenye jopo la majaji kwa kupinga. Ikiwa magwiji wenyewe hugawanyika hivyo, alama tupu zitamweleza nini msikilizaji? Waandaaji wawatake majaji waandike sababu fupi kila raundi, nanyi mzichapishe.

Mpenzi wa piano,
Dar es Salaam