Miwani haionyeshi kisichopigwa picha

Mhariri,

Miaka yote hii nimesoma gazeti lako kimya, ila ile habari ya miwani "inayopasua ubongo wa watoto" imenishinda. Miwani hiyo, inayoonyesha picha za kompyuta mbele ya macho, haipasui mtu. Daktari anaivaa kabla ya upasuaji, anaingia ndani ya kichwa cha mgonjwa kilichojengwa kwenye kompyuta, anatafuta pa kupita na kuona mshipa upi uko njiani. Kichwa hicho kinajengwa kwa picha za CT (za mionzi) na MRI (za sumaku). Picha zikiwa mbovu, daktari anafanyia mazoezi kichwa ambacho mtoto hana.

Mliwataja mapacha wa Brazil walioungana vichwa, wakatenganishwa Rio de Janeiro mwaka 2022. Hamkusema kwamba walishapasuliwa awali, wakabaki na makovu. Hamkusema kwamba timu ya Rio na Dkt. Noor ul Owase Jeelani, mpasuaji wa ubongo wa watoto wa London, walifanya mazoezi kwa miezi juu ya picha hizo. Upasuaji ulifanyika mara saba, mara mbili za mwisho zikachukua saa 33, na wahudumu walikaribia 100. Msomaji wenu kaambiwa habari ya miwani tu.

Sasa tuje kwetu. Ili kichwa hicho kijengeke, CT ikatwe vipande vya milimita 1 au chini, bila kuacha pengo, na mashine isiinamishwe. Mishipa ikitakiwa, dawa ya kung'arisha inadungwa kama mililita 2 kwa kila kilo ya mtoto, na picha za vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zinasubiri dawa hiyo ifike huko. Ukiwahi, vena hazionekani. Mtoto akitikisika, rudia. Juzi mama mmoja kaja kwa rufaa na mtoto mwenye kichwa kikubwa, mkononi ana filamu moja kubwa: vipande vya milimita 5, vimechapwa vidogo vidogo kama stempu. Sidii hakupewa. Alipoirudia hospitali ile kuomba picha zenyewe, akaambiwa zimeshafutwa. Mtoto akalazwa njaa upya, akapewa dawa ya usingizi upya, akapigwa mionzi upya, na nauli ikatoka mfukoni mwa mama yuleyule. Vipande vya milimita 5 vinatoa fuvu lenye ngazi ngazi, na mishipa myembamba inapotea kabisa. Mtoto wa kilo 5 ana damu kama mililita 400 mwili mzima, chupa ya soda na ushee. Vena moja isiyoonekana ikichanika, hakuna muda wa kuvua miwani na kufikiri.

Hata picha zikiwa safi, ubongo hautulii. Kichwa chenye maji kikifunguliwa, maji yanatoka, ubongo unanywea, na ramani ya asubuhi haifanani tena na kilichoko mezani. Fuvu la mtoto mchanga ni jembamba, halibanwi kwa pini za chuma kama la mtu mzima, kwa hiyo kichwa kinaweza kusogea. Anayetoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia anajua chini yake umelala mshipa mkubwa wa damu. Mazoezi ya miwani yanamsaidia kujua umelala wapi. Mkono unabaki wake.

Na hao watoto wa vichwa vyenye maji wanachelewa mno kuletwa! Kliniki nyingi mtoto anawekwa kwenye mzani, kadi inajazwa, kichwa hakipimwi. Futi ya fundi cherehani inatosha: izungushwe juu ya nyusi na kisogoni, namba iandikwe kila mwezi. Kichwa kikikua kwa kasi, au utosi ukivimba mtoto akiwa ametulia, apewe rufaa siku hiyohiyo.

Ombi langu ni hili. Fomu ya kuombea CT ya kichwa cha mtoto ichapwe upya, iandikwe: "milimita 1, bila pengo, bila kuinamisha mashine, sidii yenye vipande vyote." Mzazi asisaini kuondoka kabla sidii haijafunguliwa kwenye kompyuta ya dirishani na vipande kuhesabiwa mbele yake.

Mpiga picha za mionzi,
Dar es Salaam