Kwa vijana mnaopigania uhuru wa wanawake: anzieni kwa wakwe

Wanangu,

Mnapomwita katili mama anayempeleka binti yake kwa ngariba akakeketwe, mmebisha mlango usio wenyewe. Uchungu ule anaujua, ulimpata yeye kwanza. Anachohofia ni binti kukosa mume. Mila ya aina hiyo haishikiliwi na nyumba moja. Inashikiliwa na wakwe.

Tazameni China, walikofunga miguu ya mabinti ili ibaki midogo. Mtoto wa miaka mitano hivi alikunjwa vidole vinne vya kila mguu chini ya unyayo, kikaachwa kidole gumba, kisha ukanda wa kitambaa ukakazwa hadi mguu uvunjike upinde. Amri ya mfalme ya kuipiga marufuku mila hiyo ilitoka karne ya 17, ikapuuzwa. Mwishoni mwa karne ya 19 wazazi wakaunda vyama vyenye kiapo cha pande mbili: hatufungi miguu ya binti zetu, na wana wetu hawaoi waliofungwa. Dawa ilikuwa kwenye huo upande wa pili.

Senegal nako, kijiji cha Malicounda Bambara kilitangaza kuacha ukeketaji mwaka 1997. Imamu Demba Diawara akaona kijiji kimoja hakitoshi kwa watu wanaooana na majirani, akatembea kijiji hadi kijiji. Mwaka 1998 vijiji 13 vikatangaza kwa pamoja huko Diabougou.

Basi andikeni ndoa kumi za karibuni: mabinti walikwenda koo zipi, wake walitoka koo zipi? Hizo ndizo za kuongea nazo, pamoja na mangariba, maana mnagusa kipato chao. Kiapo kitolewe hadharani, na baba wa wavulana waape pia. Kiapo cha chumbani hakimsaidii binti, kwa kuwa mkwe hakukisikia.

Sheria ni lazima, ila ikitangulia peke yake kisu huhamia usiku, na wasichana hukatwa wakiwa wadogo zaidi au huvushwa mpaka. Nepal ilipitisha adhabu mwaka 2017 kwa anayemtoa mwanamke nyumbani wakati wa hedhi. Vibanda walimokuwa wakilazwa vikabomolewa, na wapo wanawake waliobaki kulala pabaya zaidi.

Vipo vizuizi visivyo na ukwe ndani yake, ni kalamu ya sheria tu, na msidhani viko mbali na Ulaya. Ufaransa, hadi 1965, mume aliweza kumkatalia mkewe kazi. Wanaume wa Appenzell Innerrhoden, Uswisi, waliwakatalia wanawake kupiga kura za jimbo mpaka mahakama kuu ya nchi ilipowalazimisha mwaka 1990. Kwa hayo msipoteze muda na vikao vya wazee, tafuteni wakili.

Kwa yale ya ukwe, kikao cha kwanza msiende na vipaza sauti wala fulana za kampeni. Kaeni nyuma, na akina bibi ndio waanze kusema.