Star Wars hubebwa na sauti zake

Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu Star Wars, filamu ya Kimarekani ya vita vya angani ya mwaka 1977, imeeleza vizuri kisa, mavazi na vyombo vya angani, ila sauti mmezipita kimya. Sisi tunaoshughulika na sauti za filamu tunaomba nafasi kidogo hapo. Mtoto ambaye hajawahi kuiona filamu yenyewe, mpe fimbo uone: atavuma kwa mdomo, "vuuum", huku akiipunga. Anayemwiga ni Ben Burtt, aliyebuni milio ya filamu hiyo, na wengi hawalijui jina lake.

Mwongozaji George Lucas hakutaka milio ya ala za kielektroniki iliyozoeleka katika filamu za anga. Alitaka vitu vilivyochakaa, na sauti zake zichakae vilevile. Burtt, aliyekuwa ametoka kusoma Chuo Kikuu cha Southern California, akapewa rekoda akakusanye sauti za vitu halisi.

Mlio wa upanga wa mwanga, silaha ya mashujaa wa filamu hiyo ambayo mtoto yule anaiiga kwa fimbo, ulianza na mota ya projekta kuukuu ya sinema, iliyovuma hata filamu isipopita. Kisha maiki yenye waya mbovu ilipopitishwa nyuma ya televisheni ikanasa mlio mkali wa umeme. Vikachanganywa. Mvumo ukapatikana, lakini umesimama tu, hauna mwendo. Hapo ndipo ulipo ufundi: aliupiga mvumo kwenye spika, akashika maiki nyingine na kuipunga mbele ya spika hiyo, akirekodi upya. Maiki ikikaribia spika sauti huwa nyembamba zaidi, ikiondoka huwa nzito zaidi. Mkono ukienda mita 5 kwa sekunde, mabadiliko hayo ni kama asilimia 1.5 tu. Ni kidogo, lakini yakiungana na sauti kukua na kufifia, sikio linaamini kuna kitu kimepita.

Wanaotaka kujaribu nyumbani watumie televisheni ya chogo na, badala ya projekta, friji kuukuu. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mvumo wa friji huangukia zaidi hezi 50 na 100. Kosa la kwanza ni kuucheza kwenye simu. Spika yake ndogo haiwezi kutoa sauti nzito hivyo, utabaki na mlio wa mbu. Tafuta spika yenye koni ya inchi 6 au zaidi. Kosa la pili ni kurekodi kwa programu iliyokuja na simu. Programu nyingi hupunguza kelele zenyewe, na kwao mvumo usiobadilika ndio kelele yenyewe, kwa hiyo huufuta. Tena hupandisha sauti ikiwa ndogo na kuishusha ikiwa kubwa, wakati tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta. Zima vyote viwili, rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Maiki ivishwe sponji, la sivyo utanasa upepo wa mkono wako.

Milio ya bunduki ni Burtt kugonga kwa nyundo waya unaoshikilia mnara wa redio. Katika waya mnene uliokazwa, sauti nyembamba husafiri haraka kuliko nzito, ndiyo maana unasikia "piuu" inayoshuka. Maiki sharti ikaribie waya sana. Ukisimama mbali utasikia nyundo tu. Tafadhali msiguse waya za nguzo za umeme wala minara ya simu. Springi ndefu ya chuma iliyoning'inizwa, kikombe cha plastiki kikabanwa ncha moja, inatoa mlio uleule.

Pumzi za Darth Vader, adui mkuu mwenye barakoa nyeusi, ni kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi, maiki ikiwa ndani yake. Ndege za adui ni mlio wa tembo uliochanganywa na gari likipita kwenye lami yenye maji. Na wasomaji wa Kenya huenda wanajua tayari kwamba katika Return of the Jedi, filamu ya mfululizo huohuo ya 1983, rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb husema Kikuyu: sauti ni ya Mkenya Kipsang Rotich, aliyerudi kuifanya tena mwaka 2015. Wamarekani walisikia lugha ya sayari ya mbali. Watazamaji wa Nairobi walisikia maneno wanayoyajua.

Filamu ya 1977 pia iliwasukuma wenye majumba ya sinema kufunga Dolby Stereo, mfumo wa sauti uliobana njia nne za sauti (kushoto, kati, kulia na nyuma) ndani ya mistari miwili pembeni mwa filamu. Kwenye vibanda umiza vyetu njia hizo hufa, na si kwa umaskini wa spika peke yake. Wengi huchomeka waya mweupe (wa kushoto) kwenye amplifaya na kuuacha mwekundu (wa kulia) ukining'inia. Maneno husikika, kwa sababu yamewekwa pande zote mbili, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini chombo kinachovuka kutoka kushoto kwenda kulia hukatika sauti katikati ya pazia. Kama spika ni moja, ingia kwenye mipangilio ya deki au kompyuta, chagua mono, kisha muirudie filamu.

Mafundi sauti wa filamu,
Dar es Salaam