Drafti dhaifu nafasi gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua zinazokujia nyingi ni za Simba na Yanga, hii nayo ni ya mpira ila ni ule mpira wa Wamarekani wa kuvaa kofia ngumu na kuangushana, na Simba na Yanga nitawafikia humo humo msiwe na haraka.

Wiki iliyopita kwenye kurasa za michezo ya nje mliweka kahabari kafupi kuhusu drafti ijayo ya NFL, ndo ligi kuu ya mpira huo, mkasema kwa mtazamo wa mapema itakuwa drafti dhaifu kwa sababu hamna kwotabeki wa maana, habari ikaishia hapo. Sasa mi nabisha hapo hapo. Timu ya NFL inaanza na watu 11 wa kushambulia na wengine 11 wa kuzuia, kwotabeki, yule anayegawa mpira, ni mmoja tu kati ya hao 22. Ni kweli ndo nafasi ghali kuliko zote na asipokuwepo wa maana timu haiendi popote, sikatai, lakini huwezi kuhukumu mamia ya vijana kwa nafasi moja.

Kwa wasiofuatilia, drafti ni ule utaratibu wa kila Aprili ambapo timu 32 zinachagua vijana kutoka vyuoni kwa raundi saba, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndo inaanza kuchagua. Inaanza Alhamisi usiku kwao, huku ni saa tisa usiku kuamkia Ijumaa, muda ambao mtaani kwetu walio macho ni wapika maandazi na sisi wagonjwa wa hii kitu.

Chukua 2022. Miezi kabla ya ile drafti wimbo ulikuwa huu huu, mwaka mbaya, kwotabeki hamna. Na kwenye kwotabeki kweli hawakukosea, raundi ya kwanza nzima alichukuliwa mmoja tu, Kenny Pickett, namba 20, akaenda Pittsburgh, afu ikabidi watu wasubiri mpaka namba 74 ndo akatajwa wa pili, Desmond Ridder wa Atlanta. Ila angalia nafasi nyingine. Wale jamaa wa kumkimbiza kwotabeki wa wapinzani walikuwa watatu ndani ya tano bora, Travon Walker, Aidan Hutchinson na Kayvon Thibodeaux, na namba mbili zilizobaki hapo katikati, ya 3 na ya 4, zikaenda kwa mabeki wa pembeni, Derek Stingley na Sauce Gardner. Wapokeaji wa pasi walichukuliwa sita raundi ya kwanza. New York Jets peke yao waliondoka na Gardner na mpokeaji Garrett Wilson aliyekuwa namba 10, na msimu ulipoisha hao wawili ndo wakabeba tuzo za chipukizi bora, mmoja upande wa kuzuia na mwingine wa kushambulia. Waulize Jets kama ile drafti ilikuwa dhaifu. (Na msije mkanijibu kwamba Brock Purdy, kwotabeki aliyetajwa wa mwisho kabisa mwaka huo, namba 262, aliifikisha San Francisco Super Bowl, yaani fainali yao, ya Februari 2024. Purdy ni bahati ya mtu mmoja, hata mwaka mkavu mtu mmoja anaweza kuchomoza, hiyo haigeuzi nafasi ikawa na kina.)

Hapo ndo pointi yangu ilipo, kuna nguvu ya nafasi na kuna kina cha nafasi, na mnavyoandika mnavichanganya. Kijiweni kwetu Mwananyamala kuna dogo mmoja fundi simu, mkeka wake ukichanika hautupi, anaugeuza nyuma na kuchora safu. Juu ya kila safu anaandika nafasi, kwotabeki, mpokeaji, taiti endi, mlinzi wa pembeni wa laini ya mbele, mkimbizaji (yule wa kukimbia na mpira) na kuendelea, chini yake anapanga majina kwa jinsi anavyoona yeye, afu anachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari pale anapoona ubora umeporomoka. Safu nyingine mstari unakaa chini ya jina la kwanza tu, yaani yupo mmoja wa hatari na baada yake ni shimo. Safu nyingine mstari unashuka mpaka chini ya jina la nane na humo ndani unaweza usikute staa hata mmoja. Ile ya kwanza ina nguvu haina kina, ya pili ina kina haina nguvu, na timu yenye akili haiziendei kwa mwendo mmoja.

Mfano mzuri ni Detroit 2023. Mwaka ule mataiti endi walikuwa kibao, taiti endi ni yule anayezuia kama mtu wa laini na pasi pia anapokea. Raundi ya kwanza akachukuliwa mmoja tu, Dalton Kincaid, namba 25. Detroit walikuwa na nafasi mbili kwenye raundi hiyo na wote wawili hawakuwa mataiti endi, namba 12 wakamchukua mkimbizaji Jahmyr Gibbs na namba 18 Jack Campbell wa safu ya kati ya ulinzi, wakasubiri mpaka namba 34, raundi ya pili, ndo wakamchukua Sam LaPorta. Msimu wake wa kwanza alidaka pasi 86, rekodi ya ligi kwa taiti endi chipukizi, mpaka Brock Bowers alipokuja kuivunja mwaka uliofuata. Ndo akili ya soko la samaki Feri asubuhi hiyo, siku changu wamejaa mnadani mama wa mgahawa hakimbilii fungu la kwanza, anaanza na kamba ambao leo wameletwa ndoo moja, akirudi changu bado wapo na bei imelegea.

Sasa wajuaji watasema basi rahisi, palipo na kina subiri, palipo na uhaba kimbilia. Hapana bana, vyote viwili vinadanganya. Mwaka 2020 wapokeaji walikuwa wengi mpaka raundi ya kwanza wakaenda sita, Philadelphia kwenye namba 21 wakamchukua Jalen Reagor, namba 22 iliyofuata Minnesota wakamchukua Justin Jefferson. Jefferson msimu wake wa kwanza tu alipiga yadi 1,400 za kupokea pasi, Reagor hata kikosini hakudumu. Nafasi ile ile, drafti ile ile, walipishana dakika chache tu. Kina kinakupa nafasi ya kusubiri, jicho la kuchagua unatakiwa uwe nalo mwenyewe.

Na uhaba ndo unadanganya zaidi, na kwa hili sisi wa Dar tunao mfano wetu wa nyumbani ingawa ni wa kikapu. Hasheem Thabeet, mtoto wa hapa hapa mjini, mita 2 na sentimita 21, kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut, drafti ya NBA ya 2009 alichukuliwa namba 2 na Memphis. Tulishangilia na haki yetu kabisa, Mtanzania wa kwanza kufika kule, na mi mpaka leo akitajwa nasikia raha. Lakini ile drafti ukiichora kwa safu kama za yule dogo unaona kitu, warefu wa kusimama chini ya kikapu walikuwa wachache, wachezaji wa nyuma wa kuendesha mpira na kutupia mitupo walikuwa wamejaa, James Harden namba 3, Tyreke Evans namba 4, Ricky Rubio namba 5, Stephen Curry namba 7, DeMar DeRozan namba 9, na mpaka namba 17 bado Jrue Holiday alikuwepo. Memphis wenyewe pale kati tayari walikuwa na Marc Gasol. Mi naisoma hivi, kijana wetu hakuna alichokosea yeye, ni uhaba ndo ulimpandisha mpaka kwenye bei ambayo mtu yeyote angepata shida kuilipa, na lawama zote miaka yote hii akabebeshwa yeye.

Tuje kwenye hilo la mapema, maana habari yenu ilisema kwa mtazamo wa mapema. Mtazamo wa mapema ukiwa wa majina hauna maisha, hasa kwa kwotabeki. Kiangazi cha 2021 aliyekuwa anapigiwa debe kuwa namba moja wa drafti ya 2022 alikuwa Spencer Rattler wa Oklahoma. Oktoba hiyo hiyo kwenye mechi na Texas akatolewa, akaingia dogo wa mwaka wa kwanza anaitwa Caleb Williams, mechi ikageuka na kibarua kikaota nyasi. Rattler akahamia South Carolina, na mwisho wa siku wakaja kukutana drafti moja, ya 2024, Caleb namba 1 Chicago, Rattler namba 150, raundi ya tano, New Orleans. Mwingine ni Cam Ward, Januari 2024 alishatangaza anaingia drafti, akabadilisha mawazo akaenda kucheza Miami mwaka mmoja zaidi, 2025 akawa namba 1 Tennessee. Aliyeandika mapema kwamba 2025 kwotabeki hamna angemtoa wapi Ward?

Lakini mtazamo wa mapema ukiwa wa nafasi, kwamba safu hii ndefu na ile fupi, huo unashika kidogo, hasa kwenye watu wa laini na wapokeaji ambao wanaonekana wakicheza miaka miwili mitatu bila kuchomolewa chomolewa. Ile ya 2024 ilinukia ushambuliaji mapema tu, na ilivyofika wachezaji 14 wa mwanzo wote wakawa wa kushambulia, sita kati yao kwotabeki, mpaka namba 15 ndo akatajwa mtu wa kwanza wa kuzuia, Laiatu Latu wa Indianapolis. Wapokeaji saba raundi ya kwanza na bado kina hakikuisha, Ladd McConkey alikuwa namba 34 na akamaliza msimu na yadi zaidi ya 1,100.

Cha kuangalia siku hizi ni hela. Tangu 2021 wanafunzi wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, matangazo na mambo kama hayo, kwa hiyo kijana ambaye zamani angekimbilia raundi ya nne sasa anaona bora abaki chuo mwaka mwingine analipwa. Safu mnayoiona ndefu Agosti, ikifika Januari wakishatangaza nani anaondoka nani anabaki, inakuwa imefupika, na inafupikia huko chini chini kwenye kina, ma-staa wao wanaondoka tu.

Haya, sasa Simba na Yanga. Sisi drafti hatuna, tuna dirisha, na dirisha likifunguliwa kurasa zenu zinajaa fulani atua usiku na ndege, picha ana skafu shingoni, ila aje kucheza wapi na hapo pana wangapi hamuandiki. Angalieni wafungaji bora wetu. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki wa Yanga mabao 21, nyuma yake Feisal Salum wa Azam mabao 19. Msimu wa 2024/25 Jean Charles Ahoua wa Simba mabao 16. Wote hao viungo! Namba tisa wako wapi? Yanga msimu wa kwanza baada ya Fiston Mayele kwenda Misri 2023 mabao waliyagawana zaidi viungo na mawinga, na bado kila dirisha naona vichwa vya habari vya namba kumi mpya. Safu ya namba kumi kwenye ligi yetu ni ndefu mpaka inatoka nje ya karatasi, safu ya namba tisa mstari mwekundu unapigwa juu kabisa.

Au chukua Mohamed Hussein, Tshabalala, alipotoka Simba kwenda Yanga 2025. Vijiweni na magazetini tulibishana nani kamsaliti nani, wiki nzima watu hawaongei kitu kingine. Sikuona sehemu aliyeandika kwamba huyu ndo beki wa kushoto wa Taifa Stars wa miaka na miaka, kwa hiyo kwenye Watanzania wanaocheza kushoto kwa asili, siyo wa kulia aliyehamishwa, chini yake wako wangapi na wana umri gani. Kulia ni hivyo hivyo kwa Shomari Kapombe. Hawa ni watu ambao timu ya taifa imewategemea muda mrefu mpaka tumesahau kama hiyo nafasi ina safu.

Ombi langu ni dogo. Kabla dirisha halijafunguliwa tengeni ukurasa mmoja, siyo wa tetesi, wa nafasi, chukueni kila timu na Stars pia, andikeni nani yuko, nani mkataba unaisha, nani ana miaka mingapi, na anzeni na beki wa kushoto na namba tisa. Na ile habari ya drafti mkiirudia Januari vijana wakishatangaza, kama bado mnaona ni dhaifu andikeni dhaifu nafasi gani.

Msomaji wenu,
Mwananyamala, Dar es Salaam