Msukumo wa kinyume si kitufe cha kuwasha na kuzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu ushauri mliouchapa hivi karibuni kwa wasomaji wanaorusha ndege kwa simuleta, yaani programu za kompyuta za kuiga urubani, nyumbani. Sehemu kubwa ya ushauri huo ilikuwa sahihi, na najua imewafaa wengi. Hata hivyo, aya iliyohusu msukumo wa kinyume katika ndege kubwa za abiria ilipitiwa haraka mno. Wasomaji waliambiwa wachague kitufe chochote kilicho karibu na kidole, wakibonyeze mara magurudumu yanapogusa ardhi, ili injini zizunguke kinyume na ndege isimame. Maelezo hayo yana kosa moja la kisayansi na kosa moja la mpangilio wa vidhibiti, na hilo la mpangilio ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

La kisayansi nitalieleza kwa ufupi. Injini ya ndege ya abiria haizunguki kinyume hata mara moja. Katika injini za kisasa, sehemu kubwa ya msukumo hutokana na hewa inayosukumwa na feni ya mbele na kupita kando ya kiini cha injini. Rubani anapoamuru msukumo wa kinyume, katika ndege kama Boeing 737 za sasa, ganda la nje la injini huteleza nyuma, milango ya ndani huziba njia ya hewa hiyo, na hewa hulazimika kutoka pembeni kupitia matundu yaliyopangwa kuielekeza mbele. Feni inaendelea kuzunguka upande uleule iliokuwa ikizunguka angani.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu linaonyesha kwamba msukumo wa kinyume ni kazi yenye hatua, na kila hatua inahitaji muda wake. Kwenye Boeing 737, mbele ya kila wenzo wa nguvu kuna wenzo mwingine mdogo, ambao hauinuki mpaka ule mkubwa uwe umerudishwa kabisa kwenye silensa, yaani nguvu ya chini kabisa ya injini. Ukishauinua, hukwama kwanza hadi ganda la injini lifunguke vya kutosha, ndipo unapoweza kuuvuta zaidi na kuongeza nguvu. Aidha, mfumo wenyewe haukubali amri hiyo mpaka ndege iwe chini ya futi 10 kwa kipimo cha altimita ya redio, inayopima urefu kutoka ardhini, au vihisi viwe vimethibitisha kwamba ndege iko ardhini. Kwenye Airbus A320 rubani hurudisha nyenzo kwenye silensa, huinua vishikio vidogo vilivyo mbele yake, kisha huvuta nyenzo zilezile nyuma zaidi, kupitia kituo cha kinyume cha silensa (mahali wenzo unapokaa kwa msukumo wa kinyume ulio mdogo kabisa) hadi kinyume kamili. Vizuizi hivi vina sababu nzito. Tarehe 26 Mei 1991 ndege ya Lauda Air aina ya Boeing 767, ikiwa bado inapanda baada ya kuondoka Bangkok, ilifunguka kifaa cha msukumo wa kinyume cha injini ya kushoto angani, na watu wote 223 waliokuwamo wakafariki. Baada ya ajali hiyo ndege za aina hiyo ziliongezewa kufuli jingine.

Sasa tazama kinachotokea mtu anapofuata ushauri wa kitufe kimoja. Katika simuleta ya X-Plane ipo amri ya kugeuza msukumo, ambayo ukiibonyeza mara moja hubadilisha maana ya wenzo mzima, kiasi kwamba ukiusukuma mbele unaongeza msukumo wa kinyume. Kwa anayerusha ndege ndogo ya panga boi mara mojamoja huenda hilo lisimsumbue. Kwa anayejifunza ndege ya abiria ni tabia mbaya kabisa, kwa kuwa mkono wake unazoea kusukuma mbele wakati ambapo rubani wa kweli anavuta nyuma. Zaidi ya hapo, akisahau kubonyeza tena baada ya kupunguza mwendo, akisukuma wenzo ili aondoke kwenye njia ya kurukia, ndege itaanza kurudi nyuma.

Katika simuleta nyingine, Microsoft Flight Simulator, njia ya zamani ya kibodi bado ipo: kitufe cha F2 hupunguza nguvu, na ukikishikilia baada ya kufika silensa, nguvu huendelea kushuka hadi kuwa kinyume, F1 hurudisha kila kitu kwenye silensa. Amri hizo mbili ndizo msingi wa mpangilio ninaoupendekeza kwa mwenye vidhibiti vya kawaida. Seti nyingi za nyenzo zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zina kizuizi karibu na mwisho wa chini, na wenzo ukivutwa kupita hapo kifaa hutuma ishara ya kitufe badala ya kuendelea na mhimili, yaani kipimo cha nafasi ya wenzo kinachobadilika kidogo kidogo. Ishara hiyo ipewe kazi mbili: wenzo unapopita kizuizi, ipunguze nguvu kwa kurudiarudia, na wenzo unaporudi juu ya kizuizi, ikate nguvu hadi silensa. Ile kazi ya pili ndiyo husahauliwa, na asiyeiweka hubaki na injini zenye msukumo wa kinyume huku mkono wake ukimwambia kwamba yuko kwenye silensa.

Mwenye vifaa vilivyoigwa kutoka Airbus, ambavyo mhimili wake unaendelea hadi chini ya silensa, asitumie kitufe kabisa. Apange mhimili wenye sehemu hasi na sehemu chanya, kisha aoanishe kila kituo na mahali pake halisi. A320 ya bure ya simuleta iliyotengenezwa na kundi la FlyByWire ina ukurasa wa kazi hiyo ndani ya tableti ya rubani, ambako unasogeza wenzo hadi kituoni na kuhifadhi namba inayoonekana. Tatizo huanza pale mtu anapochagua mhimili wa aina hiyo kwa kifaa ambacho hakina kizuizi chochote. Hapo silensa inaangukia katikati ya wenzo, pasipo na alama wala mguso wa kumwelekeza, na nusu nzima ya chini inakuwa ya kinyume. Mtu wa namna hiyo namshauri abaki na mhimili wa kawaida wa silensa hadi nguvu kamili, na atumie F2 na F1 bila kuona haya.

Kuna usumbufu mmoja ambao ulinipotezea jioni mbili, nao sikuuona ukitajwa katika ushauri wenu. Kila nilipotua, neno REV lilijitokeza juu ya kipimo cha injini kwa rangi ya kaharabu, likageuka kijani kama inavyotakiwa, kisha likatoweka kabla sijapunguza mwendo hata kwa noti 20 (noti ni kipimo cha kasi ya ndege). Nilidhani ndege niliyoinunua ina kasoro, nikaipakua upya. Baadaye nilifungua ukurasa wa vidhibiti, nikauvuta wenzo hadi chini, nikaondoa mkono na kutazama ule mstari unaoonyesha nafasi yake. Ulikuwa unatetemeka peke yake kati ya sifuri na asilimia mbili. Kila mtetemo ulituma amri mpya ya nguvu ya mbele, na amri hiyo ilikuwa inaifuta ile ya kinyume niliyoitoa kwa kitufe. Niliagiza programu isihesabu asilimia nne za mwanzo za mhimili, na tatizo likaisha papo hapo. Namsihi yeyote anayepanga vidhibiti aanze na uchunguzi huo wa dakika moja, ndege ikiwa imesimama, kabla ya kugusa jambo jingine lolote.

Lipo pia suala la injini mbili. Wengi wetu tuna wenzo mmoja tu, na hapo hakuna la kufanya. Lakini mwenye nyenzo mbili asiziunganishe kwa amri moja ya pamoja kwa ajili ya urahisi. Kila wenzo uhudumie injini yake, mbele na kinyume. Tarehe 17 Julai 2007 ndege ya TAM aina ya A320 ilishindwa kusimama ilipotua katika uwanja wa Congonhas, São Paulo, na watu 199 walifariki. Kifaa cha kinyume cha injini ya kulia kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya matengenezo, na kinasa taarifa kilionyesha wenzo wa kushoto ukiwa kwenye kinyume huku wa kulia ukiwa umebaki kwenye kituo cha kupandia, yaani mahali pa nguvu ya kupanda angani. Kwa sababu hiyo injini ya kulia iliendelea kusukuma mbele na spoila za mabawa, yaani vibao vya juu ya mabawa vinavyosaidia kupunguza mwendo, hazikuinuka. Simuleta ni mahali pema pa kuuzoesha mkono kurudisha nyenzo zote mbili pamoja na kuyahakikisha hayo kwa macho, ila hauwezi kuzoea kama nyenzo mbili zinatii amri moja.

Vidhibiti vikishakaa sawa, viheshimiwe katika matumizi. Kwenye 737 rubani huanza kupunguza msukumo wa kinyume ndege ikifika noti 60, yaani kama kilomita 110 kwa saa, ili awe kwenye kinyume cha silensa ifikapo kasi ya kutembea ardhini. Kwenye A320 hurudi kwenye kinyume cha silensa kwenye noti 70. Kwa mwendo mdogo injini huweza kuvuta tena hewa yake yenyewe pamoja na takataka za barabarani, na ndiyo maana kitufe kisicho na hatua ya kati hakifai. Aliyekwisha kuamuru kinyume pia asijaribu kupaa tena. Hapo uamuzi umeshafanywa, ni kusimama tu. Na asishangae akiona kwamba breki za kujiendesha zinaisimamisha ndege kwa umbali uleule, awe ametumia kinyume au la, katika njia iliyo kavu: breki hizo zinalenga kiwango fulani cha kupunguza mwendo, na msukumo wa kinyume unazipunguzia kazi na joto. Faida yake kubwa huonekana njia ikiwa imelowa au ina barafu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninaomba aya ile irekebishwe katika toleo lijalo, na kama nafasi itaruhusu, mchapishe picha ya mpangilio wa kitufe chenye kazi mbili kwa kifaa chenye kizuizi. Picha yangu mwenyewe iko tayari, nami nitaituma mkiihitaji.

Wenu,
Msomaji na mtumiaji wa simuleta