Nyanya za Ilula, mizani ya Temeke

Morogoro

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote wa kikundi. Barua yako nimeipata. Umeuliza wachuuzi 15 wa Temeke, Dar es Salaam, wafanye nini ili nyanya zitoke Ilula, mkoani Iringa, hadi mezani kwao bila mkulima kupunjwa, na bila mama mwenye shilingi mia tano kukosa kiungo cha mchuzi. Umetaja gari, dalali na bei. Mimi naomba muanze na chombo cha kubebea, maana humo ndimo dhuluma na hasara vinamokaa pamoja.

Tenga la mbao huuzwa kama tenga, si kama kilo. Kwa hiyo kila mnunuzi anataka lijazwe mpaka lifanye kichuguu, kama lumbesa ya viazi. Mkulima anaongeza nyanya asizolipwa, kisha kichuguu kinagandamizwa na kamba, na za chini zinapasuka kabla gari halijafika Mikumi. Kwa hiyo mchuuzi naye analipia maji. Hakuna aliyefaidi.

Nunueni kreti za plastiki zenye matundu, kimo cha sentimita 20 hadi 25, zinazobeba kama kilo 20. Msizijaze mpaka ukingoni. Acheni vidole viwili, ili kreti ya juu ikae juu ya kreti ya chini, isikae juu ya nyanya. Idadi ipigieni hesabu hivi: wachuuzi 15, kila mmoja kilo 40, ni kilo 600, yaani kreti 30 kwa safari. Lakini wakati 30 ziko barabarani, 30 ziko kwenu zinauzwa na kuoshwa, na 30 ziko shambani zinajazwa. Ni 90, na 10 za akiba. Vikundi vingi hununua 30 tu, na safari ya pili wanarudi kwenye matenga. Kila kreti ipigwe namba kwa rangi, na anayeichukua aache amana. Isiporudi, amana inanunua nyingine.

Zikirudi, zisuguliwe kwa sabuni kwanza, halafu zitiwe dawa ya klorini: mililita 60 za ile ya asilimia 3.5 kwa lita 10 za maji. Mkianza na dawa kabla ya kuondoa tope, tope litaila dawa yote na ukungu utabaki.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa. Kreti bila mizani ni hasara kwa mkulima, kwa sababu sokoni itaonekana tenga dogo na itapewa bei ya tenga dogo. Bei lazima iwe ya kilo. Pimeni mara mbili, shambani na mkipokea, kwa mizani yenye muhuri wa mwaka huu wa Wakala wa Vipimo, na namba zote mbili ziandikwe kwenye karatasi moja. Nyanya hupungua kidogo njiani kwa kukauka. Pungufu ikizidi kilo 3 kwa 100, ama zimevunwa zimeiva mno, ama kuna mkono njiani. Andikeni kabla ya safari ya kwanza nani anabeba hasara ya zilizooza. Isipoandikwa, hasara hiyo itabebwa na mkulima, maana yeye hayupo sokoni kujitetea.

Mvunaji achume zinapoanza tu kubadilika rangi, asubuhi umande ukishakauka, na kikonyo kitolewe kwa sababu hutoboa nyanya ya jirani. Zikae kivulini hadi zipakiwe. Turubai lifungwe juu lakini pembeni pabaki wazi. Nyanya inapumua na kutoa joto, na kutoka Ilula ni kilomita 450 hivi. Ukiifunika kabisa unaivundika.

Kuhusu dalali, usimchukulie kama mwizi tu. Mkulima anamrudia kwa sababu anakopeshwa mbolea na dawa msimu ukianza, na mchuuzi anamrudia kwa sababu anapewa mali kauli, yaani mzigo anaoulipia akishauza. Mkimwondoa bila kuziba hizo nafasi mbili, mtadumu mwezi mmoja. Tuseme kilo ni shilingi 1,000 shambani: mzigo mmoja ni 600,000. Mkimlipa mkulima papo hapo na wachuuzi wakarudisha baada ya mzigo wa pili, mnahitaji 1,200,000 na nauli ya safari mbili. Hizo ziwe mkononi kabla ya kreti ya kwanza kujazwa. Mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, uombeni, kikundi kikishasajiliwa. Ila msiujengee msimu wenu, kwani mchakato wake ni mrefu. Vikoba vyenu vianze.

Mafungu msiyafute. Kilo inamfaa mama lishe. Fungu ndilo linalomwezesha mwenye pesa kidogo kupika leo. Kinachotakiwa ni fungu lenye uzito unaojulikana: mchuuzi apime mafungu matano kila asubuhi, agawanye kwa tano, aone kama bado ni ya haki kwake na kwa mnunuzi. Masalo, yaani yaliyopondeka au kuiva mno, yatengwe mapema, yauzwe bei yake asubuhi hiyo hiyo, yasingoje jioni yakachafua mazima. Yaliyooza kabisa yachanganywe na majani makavu, ndoo mbili kavu kwa moja mbichi, mpate mboji. Kinondoni wanafanya hivyo kwa wingi na taka za masoko huko Mabwepande.

Na mchicha wa bonde la Msimbazi, uliouliza kama ukioshwa vizuri unafaa: kuosha kunapunguza vijidudu, hakuondoi risasi na madini mengine mazito yaliyoingia ndani ya jani kutoka kwenye maji ya mto. Nunueni kwa wanaomwagilia maji ya kisima kilichopimwa, hata kama fungu litapanda kidogo. Hapa nakusihi usilegeze.

Niandikie kilo za shambani na kilo za kupokelea za safari tatu za kwanza, pamoja na idadi ya kreti zilizorudi. Nitakukokotolea na kukujibu.

Nduguyo